Kumtoa Mtu Mezani Si Kumtoa Kwenye Ukoo

Tukigusia D&D kwenye kipindi, swali linalorudi ni lile lile: ukiwa na mchezaji msumbufu, unafanyaje? Leo wacha nijibu vizuri, maana lile jibu fupi la "mtoe tu" kwetu huwa haliishii hapo.

Kwanza, kwa wale ambao mama zao bado wanadhani ni mambo ya mashetani: D&D ilitoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na ilichapishwa Lake Geneva, Wisconsin. Mnakaa mezani, mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mtu na mhusika wake, na dadu, hasa ile ya pande 20, inaamua kama umefaulu ama umekula hasara. Ni hadithi njoo ile ile ya bibi, ila hapa wasikilizaji wanaruhusiwa kuiharibu.

Meza yetu ilianza na watu sita. Mimi ndiye msimulizi, niko Louisville pamoja na mwenzangu mmoja. Watatu wako Columbus, mmoja Buffalo. Jumamosi tunacheza kwa Discord. Ikifika Juni, wenye nafasi wanakutana Columbus wakati wa Origins, yale maonyesho makubwa ya michezo ya mezani. Sisi wa Louisville tunapanda I-71 moja kwa moja, saa tatu na nusu hivi. Wa Buffalo ana safari ndefu zaidi, anazungukia Cleveland, na bado huwa anafika wa kwanza.

Sheria yetu ya kwanza ilikuwa moja: tunacheza kwa Kiswahili, chochote ulicho nacho. Cha Uvira, cha Mombasa, cha Barawa, cha kambini Nyarugusu, hata kile cha "naelewa lakini siongei." Hiyo ndo raha ya meza yetu. Na tatizo lilianzia hapo hapo.

Lakini tuanze na usumbufu mdogo, maana huo kila meza inao. Kuna yule anayeongea peke yake mpaka wengine wanaanza kuosha vyombo. Dawa yake ni kuzungusha zamu kwa jina: "Mwizi, wewe unafanya nini? Mganga je?" Kuna mwanasheria wa kitabu, anayesimamisha vita dakika kumi kwa sababu ya ukurasa fulani. Huyo mwambie: naamua sasa, kitabu tutafungua tukimaliza. Halafu timiza ahadi, kifungue kweli. Na kuna yule anayewaibia wenzake halafu anasema, "Si mimi, mhusika wangu ndo alivyo." Sawa bana, lakini mhusika umemtunga wewe. Mtungie na sababu ya kuishi na watu.

Mambo mengine mnayamaliza kabla ya kuanza, kwenye kikao cha sifuri, pale mnapokubaliana mnacheza nini na hamchezi nini. John Stavropoulos alibuni Kadi ya X: inakaa mezani, ukiigusa, jambo linalosimuliwa linaachwa, na hudaiwi maelezo. Ron Edwards alitupa mistari na mapazia: mstari ni kitu kisichoingia kabisa kwenye hadithi, pazia ni kitu kinachotokea nyuma bila kuonyeshwa. Kwetu, mtu mmoja alisema kitu kimoja tu: "Vijiji visichomwe." Hakueleza, na hakuna aliyeuliza. Wote tunajua wazazi wetu walitoka wapi. Kwa hiyo joka la hadithi yetu linachoma meli.

Sasa, yule msumbufu mkubwa.

Alikuwa ndiye anayejua Kiswahili kuliko sisi wote. Alikuja Marekani ana miaka 14, sisi wengine tulizaliwa hapa ama tuliletwa mgongoni. Anajua mafumbo, anajua methali, akiigiza sultani unamwona sultani mwenyewe. Mchezaji mzuri sana. Ila kila mtu akifungua mdomo, yeye anasahihisha.

Siku moja mji umevamiwa, na mchezaji wetu wa Buffalo, ambaye huwa anaongea kidogo sana, akasema kwa sauti ya mganga wake: "Batoto beko wapi? Tubatoshe kwanza." Yaani watoto wako wapi, tuwatoe kwanza. Ndivyo wanavyosema kwao, na ilikuwa mara yake ya kwanza kusema sentensi nzima bila kuchanganya Kiingereza. Jamaa akacheka. "Batoto ndo wanyama gani? Na utawatosha vipi, kwani wewe ni nguo?"

Wawili wengine wakacheka. Nikasimamisha mchezo, nikasema watoto wako msikitini, mganga ameelewa kabla yetu sote, anapata zamu ya kwanza. Tukaendelea. Lakini dada wa Buffalo alicheza usiku wote uliobaki kwa Kiingereza. Jumamosi iliyofuata alizima maikrofoni, akawa anaandika tu.

Kwa kawaida ushauri ni: ongea na mhusika faraghani, akirudia, aondoke. Ni ushauri mzuri. Ugumu ni kwamba mama yake na mama yangu wanasali pamoja, na mjomba wake ndiye aliyetuazima gari mwaka tuliofika. Nikimtoa huyu kwenye Discord, habari itafika jikoni kwetu kabla sijafunga kompyuta.

Na kuna kitu kirefu zaidi. Mwaka 2003 Michael Suileabhain-Wilson aliandika kuhusu imani potofu za ma-geek, na ya kwanza ni kwamba anayemtenga mwenzake ni mtu mbaya. Alisema watu waliowahi kutengwa wanaogopa kumtenga yeyote, hata anayewaumiza wenzao. Soma hilo ukiwa mtoto wa wakimbizi. Sisi tumelelewa na watu waliofukuzwa hasa, na nyumba zao. Neno "ondoka" linatukwama kooni.

Nilimpigia simu, sikuandika ujumbe. Akasema, "Natania tu, kaka. Kwetu tunataniana." Nikamwambia utani ni wa kwenda na kurudi, na huyu hana cha kukurudishia, unamcheka kwa kitu kile kile anachojaribu kukishika. Nikamkumbusha pia kwamba hicho Kiswahili sanifu anachokitetea kilichaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928, ndipo lahaja ya Unguja ikapewa kiti. Bibi wa Uvira hakualikwa, na bibi yake yeye wa Mvita alishindwa vile vile.

Hapo alicheka kidogo. Halafu akaniambia kitu ambacho bado nakifikiria: shuleni walimcheka Kiingereza chake miaka minne. Kiswahili ndo mahali pekee nchi hii ambapo hakuna anayemshinda. Nilimwelewa. Nikamwambia nimemwelewa, na kwamba akimcheka tena mtu kwa lugha, atatoka mezani.

Alikaa wiki tano vizuri. Ya sita akarudia, kwa mtu mwingine. Nikamtoa.

Mama aliuliza, kama nilivyojua. "Umemfukuza mtoto wa dada yangu?" Nikamjibu: shikamoo mama, sijamfukuza, nimemtoa kwenye mchezo. Harusi tutakutana, na tumekutana. Anakula kwetu. Mwezi uliopita alinisaidia kubeba kochi. Kuna watu unaoweza kubeba nao kochi lakini huwezi kucheza nao mezani, na undugu haufi kwa hilo. Kinachoua undugu ni kunyamaza miaka kumi kwa jina la heshima huku mdogo mmoja anazima maikrofoni.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Msumbufu msikilize mpaka ujue anaumwa wapi. Kisha mpe sharti moja analoweza kulirudia kwa maneno yake, na ulishike. Huruma yako kwake isilipwe na mtu mwingine. Na ukimtoa, mpigie simu wiki inayofuata kwa jambo lisilohusu mchezo kabisa.

Dada wa Buffalo bado anacheza. Nusu ya usiku ni Kiingereza, sitawadanganya. Ila maikrofoni iko wazi, na mganga wake akiuliza batoto beko wapi, meza nzima sasa inajibu: beko hapa.