Daktari, Muulize Mgonjwa Kazi Yake

Shangazi yangu hukausha migebuka kwa moshi huko Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika. Kwa miaka zaidi ya ishirini ameinama juu ya kuni mbichi akigeuza samaki. Kikohozi kilipomzidi, tulimpeleka kwa daktari binafsi. Makohozi yalipimwa, kifua kikuu hakikuonekana. Akapewa dawa, akarudi kwenye moshi uleule. Alikwenda mara tatu. Kadi yake ina jina, umri na makazi. Kazi haimo.

Mwaka 1700, tabibu wa Kiitalia Bernardino Ramazzini alichapisha kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi. Aliwasihi matabibu waongeze swali moja juu ya yale ya Hippocrates: mgonjwa anafanya kazi gani? Leo tiba ya magonjwa ya kazini huonekana kuwa ya mabingwa wa migodini na viwandani. Lakini mponda kokoto, seremala na mkulima anayenyunyizia mahindi sumu ya wadudu hawaendi kwa bingwa. Huenda kwa daktari aliye karibu, wakiwa na kikohozi au maumivu ya kichwa, ambayo ni rahisi kuyaita mafua au malaria.

Swali lenyewe halihitaji mashine. Unafanya kazi gani, tangu lini? Unavuta nini, unashika nini? Je, hali hupungua ukipumzika siku kadhaa? Wenzako nao wanaugua?

Majibu hayo yana uzito wa kisheria pia. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamtambua mwajiriwa anayeugua kwa sababu ya kazi yake, na mwajiri ndiye anayechangia Mfuko. Lakini atadai nini mwajiriwa ambaye daktari hakuandika popote kwamba ugonjwa umetokana na kazi?

Shangazi hana mwajiri, hivyo hana wa kumdai. Kwake daktari ndiye mlango pekee. Angeulizwa, angeshauriwa mapema kujenga tanuri lenye bomba la kutolea moshi, kutumia kuni kavu na kukaa upande unaotoka upepo. Hayo ni matibabu, ingawa hayauzwi dirishani.

Ndiyo maana nawaomba madaktari wa hospitali na zahanati binafsi: ongezeni mstari mmoja katika kadi, nao ujazwe kabla ya kalamu kuandika dawa.