Safari ya Mkunazini



Mwezi wa Juni, shule zilipofungwa, sisi mume na mke, walimu wote wawili, tuliondoka Masasi pamoja na wenzetu saba wa mtaa wetu wa kanisa, kwenda Unguja kulizuru Kanisa Kuu la Mkunazini. Padre wetu alitutaka tuandike habari za safari hiyo, ili nyumba zisizopata nauli nazo zisafiri kwa kusoma. Basi tunaandika. Lakini hatutaandika habari za mawe peke yake, kwa maana tulikwenda na mzigo, na ni haki mjue habari zake.

Katika ukoo wetu liko neno linalorithiwa kama shamba. Zamani za misafara, msichana mmoja wa nyumba yetu alikamatwa akienda kisimani, akatolewa kwa wafanya biashara waliokuwa wakishuka pwani. Hakurudi tena. Nao waliomtoa hawakuwa wageni, bali majirani, na uzao wa majirani hao ungaliko, unasali kanisa moja nasi. Mwaka jana mwana wetu alituambia ya kuwa anataka kuposa binti wa nyumba ile. Tukamkatalia. Hatukutaja sababu mbele ya watu. Tulisema tu kwamba wakati bado. Na kila Jumapili tuliendelea kupiga magoti karibu na babu yake yule binti, tukampa mkono wa amani, tukauondoa upesi.

Mzee huyo alikuwa mmoja wa wale saba.

Tulisafiri kwa basi tangu alfajiri. Mzee alikuwa amechukua korosho za kukaanga, akazifunga katika vifurushi vya karatasi, akampa kila mwenzake kimoja. Sisi tulipokea kwa adabu, tukakitia kifurushi mkobani bila kukifungua. Tulipokaribia Lindi tukakumbushana habari tunazowafundisha watoto darasani: ya kwamba mwaka 1876 Askofu Edward Steere alileta kwa bahari mpaka Lindi kundi la watu waliokombolewa utumwani, kisha wakapanda bara kwa miguu. Nia yao ilikuwa kurudi upande wa Nyasa, ambako wengi wao walitoka. Lakini walipofika Masasi wakaiona nchi kuwa njema, wakakaa. Ndivyo ulivyoanza mji wetu wa Kikristo. Sisi basi tulikuwa tukiifuata njia yao kinyumenyume, kutoka mahali walipopata makao kwenda mahali walipofunguliwa.

Toka Dar es Salaam tulivuka kwa boti, mwendo wa saa mbili hivi. Siku ya pili asubuhi tukaenda Mkunazini kwa miguu, tukipita katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Mnara wa kanisa na mnara wa msikiti huonekana pamoja juu ya mapaa, nao wenyeji wa mji wamezoea kuishi chini ya minara hiyo miwili.

Mahali pale palikuwa soko la watumwa. Watu walipangwa kwa safu, wake kwa waume na watoto, wakakaguliwa meno na viungo kama wanyama, dalali akanadi bei. Wengine waliuzwa kwenda mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, wengine wakapakiwa vyomboni kwenda Arabuni. Na wengi walifika pwani wakiwa wamebeba pembe za ndovu, ambazo zilinunuliwa na watu wa Ulaya, na Marekani, na Bara Hindi, wasioulizana sana zimebebwa na nani. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kukomesha biashara hiyo ya baharini, na soko likafungwa. Kiwanja kikaingia mikononi mwa misheni, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Ibada ya kwanza ilifanywa humo siku ya Krismasi, 1877, jengo likiwa bado halijakamilika.

Lakini mtu asidhani ya kuwa siku soko lilipofungwa kila mnyororo ulianguka. Kanisa lilikuwa limesimama miaka mingi, kengele yake ikilia, na watu wangali wakitumikishwa bila hiari katika nyumba zilizosikia kengele hiyo. Sheria ya kuondoa utumwa Unguja haikutolewa hata mwaka 1897. Kazi ya Mungu haina haraka ya wanadamu, wala haina usahaulifu wao.

Uani tuliona shimo lililojengewa kwa mawe, na ndani yake sanamu za watu watano, wamefungwa shingoni kwa minyororo. Zilichongwa na Clara Sörnäs wa Uswidi, zikawekwa mwaka 1998, na minyororo ni ya kweli, ya zamani zile. Wenzetu wakasoma maandishi, wakasogea mbele. Mzee akabaki. Alishika kofia yake kwa mikono miwili, akatazama sana sanamu moja ya mwanamke. Sisi tuliona, tukageuza nyuso zetu.

Ndipo tukaingia kanisani. Kuta ni za mawe ya matumbawe, na dari ni kuba ndefu ya matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, ambayo watu wa siku zile waliogopa kwamba itaanguka. Askofu Steere ndiye aliyeibuni na kuisimamia, naye alipofariki mwaka 1882 alizikwa nyuma ya madhabahu. Upo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ule ambao moyo wa David Livingstone ulizikwa chini yake. Karibu na birika la ubatizo zipo nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba mafundi walizikosea Askofu alipokuwa safarini, na aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Hapo Mzee alicheka kidogo, nasi tukacheka pamoja naye kabla hatujakumbuka kujizuia.

Mbele ya madhabahu, sakafuni, pana duara ya marumaru nyeupe iliyozungushwa nyekundu. Hapo, kwa masimulizi ya wenyeji, palikuwa na mti waliofungwa watumwa wakapigwa mijeledi, ili wanunuzi wajue nani ni imara. Rangi nyekundu ni kumbukumbu ya damu yao. Na hapo hapo, si kando yake, waliweka meza ya Bwana.

Tulisimama tukalitafakari jambo hili. Misheni ingeweza kununua kiwanja kingine chenye upepo mzuri, penye kuonekana bahari, mahali pasipo na kilio. Wakachagua pale. Wapenzi wasomaji, sisi watu wa Kiswahili tunalo neno moja ambalo pale Mkunazini halihitaji kufasiriwa. Kukomboa, kabla halijawa neno la mimbarini, lilikuwa neno la fedha: mtu hukomboa kitu chake kilichowekwa rehani, au hukomboa ndugu yake aliyetekwa, kwa kulipa. Waliohubiriwa Mkombozi katika uwanja ule hawakuuliza maana yake. Walijua kuwa na bei, na walijua ya kuwa mtumwa hana cha kujilipia. Hiyo ndiyo neema: mwingine amelipa, nawe hukuwa na kitu.

Tukawakumbuka wale wavulana watano ambao Sultani Majid alimpa Askofu Tozer mwaka 1864, waliotolewa katika chombo cha watumwa. Mmoja wao, John Swedi, akawekwa kuwa shemasi mwaka 1879. Na Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni, akapewa upadre mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika katika misheni ile; na huyo alihudumu katika nchi yetu ya kusini. Tuliyafurahia haya kama mtu afurahiavyo habari za ukoo wake. Tulijihesabu kuwa wana wa waliofungwa, tukaona mahali pale ni petu.

Ndipo Mzee akatukaribia. Hakuikanyaga ile duara, alisimama ukingoni.

Akasema, “Walimu, kwenu liko neno, na kwetu lipo. Babu yangu alilikiri kwa baba yangu, na baba yangu akanikabidhi mimi. Ni kweli. Walimtoa yule msichana kwa kitambaa na chumvi, mwaka wa njaa. Sikupata kuwaambia, kwa aibu. Sisemi haya kwa sababu ya vijana. Mambo yao ni yenu kuamua. Nasema kwa kuwa mimi ni mzee, sipendi kuzikwa na neno hili kifuani.”

Tungaliweza kumjibu kama angalikana. Miaka yote tulikuwa tumeandaa majibu ya kumjibu mtu akanaye. Kwa mtu akiriye hatukuwa na neno. Mke alilia. Mume alimtafutia Mzee kiti, akamkalisha.

Tulikaa kimya katika kiti kimoja cha kanisa, watatu, mpaka wenzetu wakatutafuta. Na katika kimya kile tulifahamu jambo ambalo tumelifundisha mara nyingi bila kulijua. Yusufu aliuzwa na ndugu zake, si na adui. Na siku walipoinama mbele yake kwa njaa, aliwalisha. Tulikuwa tumeisoma habari hiyo siku zote tukijiweka mahali pa Yusufu shimoni. Hatukuwahi kujiweka mahali pa Yusufu mwenye ufunguo wa ghala. Tulikuwa tumerithi jeraha, tukalitunza vizuri. Na ukombozi, ambao nao ni urithi wetu, tuliufungia kama kile kifurushi cha korosho mkobani. Na meza ile iliyowekwa juu ya mahali pa mijeledi haikuwekwa kwa ajili ya waliopigwa peke yao. Aliyeshika mjeledi naye alikuwa rehani, na hakuwa na cha kujilipia.

Hatusemi kwamba uovu uwe si uovu. Jina la msichana yule hatulijui, wala hatujui kama alifika pwani akiwa hai. Kusamehe hakumrudishi. Ile duara nyekundu haikufunikwa kwa zulia, na watu wasiifunike. Bali tumeona kwa macho yetu ya kuwa mahali pa ubaya mkubwa paweza kuwa mahali pa meza, na ubaya usifichwe.

Jioni, tukivuka kurudi bara, tulikifungua kile kifurushi, tukala korosho, tukampa Mzee nusu ya zake mwenyewe. Alisema zimelainika kwa hewa ya bahari. Ilikuwa kweli.

Tulipofika nyumbani tulimwita mwana wetu, tukamweleza yote, pamoja na ugumu wa mioyo yetu, maana ni haki mtoto ajue. Kisha tukamtafuta mshenga. Amekwenda mara moja, amepokewa vema. Habari za mahari bado hazijasemwa. Wako jamaa zetu wasiopendezwa, nao hatuwalaumu, kwa kuwa jana tulikuwa kama wao. Jumapili iliyopita, wakati wa kupeana amani, tulishikana mikono na Mzee, na mkono haukuondolewa upesi.

Nanyi wenye nyumba na walimu wenzetu, kama kwenu lipo neno la namna hii linalopokezanwa watoto, mtuombee sisi, nasi tunawaombea ninyi.