Muziki wa Mchezo Nao ni Kazi?

Wanakwaya wengi wa hapa chuoni wanaujua wimbo "Baba Yetu". Wachache wanajua kwamba haukutungwa kwa ajili ya kanisa. Mtunzi wake, Mmarekani Christopher Tin, aliutunga uwe wimbo wa kufungulia mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV, uliotoka mwaka 2005. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, ukawa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata tuzo hiyo.

Habari hii inanigusa kwa sababu ya mdogo wangu. Sisi ni watu wa Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, ufukoni mwa Ziwa Mweru. Nyumbani tunazungumza Kibemba. Kiswahili nilikisikia kwanza sokoni, kwa wachuuzi wanaovuka ziwa kutoka Kilwa. Siyo Kilwa ya pwani ya Tanzania, bali ile ya Kongo. Mdogo wangu anapiga kinanda katika kwaya ya kanisani, na anataka kusomea utunzi wa muziki wa filamu na michezo. Kwetu mjomba ana kauli kubwa juu ya watoto wa dada yake, na huyu wetu ndiye atakayelipa karo. Ni mvuvi. Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali husimamisha uvuvi ili samaki wazaliane, na nyumba nzima huishi kwa akiba. Mtu kama huyo akiuliza, "Mwanangu, muziki wa mchezo nao ni kazi?" hatanii. Aliniuliza mimi kwa kuwa ndiye niliye chuoni.

Nilimjibu kwanza kwamba ni kazi yenye ufundi wake. Mtunzi wa filamu anajua tukio linachukua sekunde ngapi, naye hupima muziki kwa sekunde hizo. Mtunzi wa mchezo hajui. Mchezaji mmoja atapita mlangoni mara moja, mwingine atazubaa hapo nusu saa. Kwa hiyo hutunga vipande vinavyoweza kurudiwa, kurefushwa au kuongezewa ala bila sikio kushtuka. Mjomba alielewa upesi. Wimbo wa makasia nao haujui ng'ambo itafikiwa lini. Upepo ukigeuka, mwimbishaji hurefusha.

Kisha nikamweleza upande wa pili, maana kuuficha kungekuwa kumdanganya. Tin alisoma Chuo Kikuu cha Stanford, halafu Royal College of Music huko London. Kazi ya mchezo ule aliipata kwa Soren Johnson, msanifu wake mkuu, ambaye waliwahi kuishi chumba kimoja chuoni. Tangu mchezo utoke hadi tuzo ilipita zaidi ya miaka mitano, na katikati aliurekodi wimbo upya pamoja na Soweto Gospel Choir, katika albamu yake ya 2009, Calling All Dawns, yenye nyimbo za lugha 12. Kipaji alikuwa nacho, lakini kilishikwa mkono na shule, rafiki na muda. Vipaji Nchelenge vipo. Hayo matatu ndiyo ghali.

Simlaumu Tin, alikipa Kiswahili heshima ambayo wengi wetu hatukuitarajia. Lakini mtoto aliyekulia ufukoni, anayesikia Kibemba nyumbani na Kiswahili cha Kongo sokoni, ana sauti ambazo London hawanazo. Asiposomeshwa, ataishia kuimba zilizotungwa na wengine.

Nilishauri asomee ualimu wa muziki, apate cheti cha kumlisha, na apewe kompyuta iliyotumika ili atunge usiku. Mjomba alinyamaza kidogo. Halafu akauliza kompyuta hiyo ni bei gani, na kama inaweza kusubiri hadi Machi, nyavu zirudi majini.