Rimu si Sufuria

Karani wa parokia ana kazi nyingi zisizoandikwa popote. Mimi nilisomea ualimu, na watu wa hapa bado huniita Mwalimu, lakini kazi yangu ni vitabu vya ubatizo, barua na stakabadhi za michango. Tena husaidiana na mzee dereva kuitunza motokaa ya parokia. Leo nataka kukueleza jinsi nilivyoiharibu, ili wewe usije ukaharibu ya kwako, au ya mtu aliyekuamini.

Motokaa hiyo ilinunuliwa kuukuu kwa michango ya jumuiya zote. Ndiyo impelekayo mgonjwa hospitali usiku, na ndiyo imfikishayo Padre vigangoni. Rimu zake si za chuma, ni za alumini yenye kung'aa. Basi, siku ya Askofu kuja kutoa Kipaimara ilipokaribia, nikaona rimu zimekuwa nyeusi kama chungu. Jumamosi jioni, dereva akiwa amekwisha kwenda kwake, nikachukua ndoo ya maji, majivu ya jikoni na waya wa kusugulia sufuria. Nikawaza: sufuria ya mama ni alumini, nayo hung'aa kwa majivu, kwa nini rimu ising'ae?

Nikasugua gurudumu moja kwa nguvu zangu zote. Lilipokuwa na maji lilipendeza sana. Lilipokauka, lo! likawa na ukungu, kama jicho la mzee lenye mtoto wa jicho. Nikayaacha yale mengine matatu, nikaenda kulala.

Kesho yake Padre Paroko akaliona. Akamwuliza dereva ameliosha kwa kitu gani. Mzee akajibu kwamba yeye huosha kwa kitambaa, siku zote. Padre akamwambia awe mwangalifu zaidi. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, daftari mkononi, nikanyamaza.

Masika ikaja na matope yake. Gurudumu lile likaanza kutoa madoa meupe kama chokaa, na mistari myembamba ikapita chini ya vanishi kama njia za mchwa. Mwishowe tulitumwa mimi na dereva kuipeleka motokaa mjini kwa fundi wa rangi. Fundi akapitisha kidole juu ya rimu, akauliza, "Mzee, nani kasugua hii kwa waya?"

Mzee akanitazama, asiseme neno. Nikaona hakuna pa kujificha. Nikasema, "Ni mimi."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Najua, Mwalimu," akasema. "Majivu yalibaki kwenye nati."

Msomaji mpenzi, siku ile nilijifunza mengi, na fundi alinieleza kwa uvumilivu. Sufuria ni alumini tupu. Rimu nyingi za alumini za siku hizi zimepakwa vanishi angavu, ambayo mafundi huiita klia. Unachokiona king'aacho ni alumini, au rangi yake, chini ya vanishi hiyo, kama picha chini ya kioo. Ukikikwaruza kioo, picha itaonekana imefifia, ingawa yenyewe haijaguswa. Nami sikukwaruza tu. Mahali pengine niliimaliza vanishi kabisa. Tena maji ya majivu ni makali kama magadi, nayo huila alumini. Maji na chumvi vikipata upenyo huingia chini ya vanishi na kuendelea kula huko, hata ikabanduka.

Na weusi ule watoka wapi? Si matope tu. Kila dereva anapokanyaga breki, pedi husuguana na diski ya chuma, na unga laini wenye moto huruka na kunasa kwenye rimu. Ndiyo maana rimu za mbele huchafuka upesi zaidi, kwa kuwa breki za mbele hufanya kazi kubwa. Unga huo ukiachwa miezi mingi, chembe za chuma hushika kutu juu ya vanishi.

Kwanza, basi, ijue rimu yako. Tia dawa kidogo ya kung'arishia metali kwenye kitambaa cheupe, usugue mahali padogo palipofichika. Kitambaa kikiwa cheusi, hiyo ni alumini tupu. Kisipokuwa cheusi, kuna vanishi. Itunze kama unavyotunza rangi ya motokaa.

Namna ya kuosha ni hii. Ngoja rimu ipoe, kwani ikiwa na moto sabuni hukauka na kuacha madoa. Osha gurudumu moja moja. Anza kwa maji mengi ili mchanga utoke, kisha tumia sabuni ya maji isiyo kali na brashi laini au kitambaa, katika ndoo isiyotumika kwa bodi. Sabuni ya unga ya kufulia, magadi, maji ya betri, waya na mchanga viweke mbali. Madoa ya kahawia yakikataa kutoka, iko dawa ya kuondoa chembe za chuma, ambayo hugeuka zambarau inapozigusa. Fuata maandishi ya chupa, wala usiiache ikauke. Suuza, kausha, kisha paka nta ya motokaa ili unga wa safari ijayo usishike sana.

Kama vanishi imefifia tu au ina mikwaruzo myepesi, tumia dawa laini ya kung'arishia rangi ya motokaa, kwa kitambaa laini na mkono mwepesi. Rimu zetu tatu zilirudi hali yake kwa njia hiyo. Lakini vanishi ikiwa imebanduka, hakuna dawa ya kusugua itakayoirudisha. Ile ya nne fundi aliivua vanishi yote kwa dawa isiyodhuru alumini, akaondoa madoa meupe, akaisugua kwa msasa wa maji kutoka mkali hadi laini, akaisafisha mafuta yote, akapuliza vanishi mpya. Tulipoirudisha garini, mzee alikaza nati kwa kukingamanisha, akazikagua tena tulipofika nyumbani.

Gharama nililipa kwa mshahara wangu. Jioni ile nilimweleza Padre kila kitu mbele ya dereva. Padre akamgeukia mzee, akamwomba radhi, nami nikamwomba baada yake. Mzee akasema yamekwisha. Nilipomwuliza kwa nini hakusema mapema, akanijibu, "Nilikungoja wewe, Mwalimu."

Rimu za alumini si jambo la jana. Mwaka 1924 Bugatti ilizitia kwenye magari yake ya mashindano, kwa kuwa alumini ina uzito wa karibu theluthi moja tu ya chuma. Sasa zimefika hata kwenye barabara zetu za vumbi, na vijana wengi hujipatia riziki kwa kuosha magari. Kijana, kabla hujasugua mali ya mwenzio, uliza imetengenezwaje. Na ukiwa umekwisha kuiharibu, sema siku ile ile, kabla mwingine hajalaumiwa kwa ajili yako.

Siku hizi kila Jumamosi tunaosha pamoja: mzee magurudumu mawili ya mbele, mimi mawili ya nyuma. Majivu tumewaachia wa jikoni.