Shamba la Anathothi

Ijumaa, 14 Februari 2025. Luhwindja

Redio inasema waasi wa M23 wamefika uwanja wa ndege wa Kavumu. Kutoka pale hadi mjini Bukavu ni kama kilomita 30. Kifungua mimba wangu yuko mjini humo, Kadutu, kwa baba yake mdogo, na simu yake haipatikani. Nimempigia mpaka chaji ikaisha.

Redio imetaja Kavumu tu. Mimi huku kitandani nimeshamzika mtoto, nimeshapokea wageni wa matanga, nimeshajiuliza nani atamwambia bibi yake. Yote hayo kabla ya saa sita usiku. Ee Bwana, habari ni moja, lakini kichwa changu kimezaa nyingine kumi. Hizo kumi nakurudishia. Nibakizie ile moja, nayo tuibebe pamoja.

Jumapili, 16 Februari

Bukavu imechukuliwa. Goma ilitangulia mwisho wa Januari.

Kwenye shirika, jumuiya yetu ndogo ya sala, baada ya Misa, ndugu mmoja aliomba kwa sauti kubwa akasema mwenye imani ya kweli hana hofu, na anayelia anamtukana Mungu. Mama aliyekaa pembeni yangu, ambaye watoto wake watatu wako mjini, akajifuta machozi haraka kwa ncha ya kitenge, kama mtu aliyeshikwa na kosa.

Sikubaliani na ombi lile, na ninaandika hapa ili nisilisahau. Gethsemane Bwana wetu alihuzunika hata kufa, akawaomba rafiki zake wakeshe naye. Zaburi nyingi ni vilio. Tumaini linalomkataza mama kulia silijui, wala sitaki watoto wangu wafundishwe. Nilimshika mkono yule mama, tukatoka pamoja, na njiani alilia vizuri.

Jumanne, 18 Februari

Amepiga! "Mama, niko. Tulilala chini ya kitanda siku mbili, lakini tuko wote." Sauti ilikatika kabla sijajibu. Asante. Asante. Asante.

Alhamisi, 27 Februari

Milipuko Bukavu, Place de l'Indépendance, kwenye mkutano wa wakubwa wapya wa mji. Watu wamekufa. Mwanangu hakwenda. Nimeshukuru, halafu shukrani ikaniumiza, kwa sababu kuna mama ambaye wa kwake alikwenda.

Nimeweka sheria nyumbani: Redio Okapi mara moja jioni, basi. Zile sauti za WhatsApp zinazoanza na "tuma kwa watu wote" tunazifuta bila kuzisikiliza. Binti yangu akauliza kama huko si kujificha. Nikamwambia habari ya kweli tunaitaka, hata ikiwa mbaya. Uvumi ndio hatutaupa kiti.

Jumamosi, 1 Machi

Mvua imekaa vizuri, na majirani wamegawanyika. Wengine wanasema kupanda sasa ni kuwapandia watakaokuja na bunduki, ni heri kula mbegu. Ninawaelewa. Tunaishi karibu na Twangiza, na mlima wenye dhahabu umetufundisha kwamba jasho la mtu huvunwa na mwingine.

Usiku nimemwaga maharagwe kwenye ungo, nikayachagua kwa tochi ya simu. Mekundu yenye madoa meupe, yale ya mama mkwe. Yenye tundu nayatupa kwa kuku, yaliyokunjamana yanaenda chunguni, yaliyojaa na kung'aa yanarudi kwenye kopo. Mikono ikiwa kazini, kichwa kikatulia, nikafungua Yeremia 32.

Ni sura ambayo mahubiri huipita haraka, yakikimbilia maneno matamu ya mwishoni. Mimi nimekaa kwenye mambo ya karatasi. Jeshi la Babeli limeuzunguka Yerusalemu. Nabii mwenyewe amefungwa kwenye ua wa walinzi. Anakuja binamu yake, Hanameli, kumuuzia shamba huko Anathothi. Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, anaandika hati mbele ya mashahidi, anaitia muhuri, kisha anamwagiza mwandishi wake Baruku aiweke kwenye chombo cha udongo ili idumu siku nyingi. Na alijua mji utaanguka! Yeye ndiye aliyekuwa akiutangazia kuanguka kwake. Ukaanguka kweli.

Kwa hiyo hakununua kwa sababu alijidanganya kwamba vita havitafika. Alinunua kwa sababu Mungu alimwambia kwamba baada ya vita kutakuwa na watu wanaonunua na kuuza mashamba. Na akishanunua tu, anasali sala ndefu, na mwishoni unasikia kabisa ameduwaa: mji umekwisha kutolewa, nawe unaniambia ninunue shamba? Napenda kwamba hati ilitangulia na swali likafuata. Alitii kwanza, akauliza akiwa ameshalipa.

Jumatatu tutapanda.

Jumatano, 5 Machi. Majivu

Mwaka huu ni Yubile, na Papa Fransisko ametuita mahujaji wa matumaini. Mwaka 2023 alikuja Kinshasa. Goma hakufika kwa sababu ya vita, lakini watu wa huku mashariki walimfuata wakamsimulia waliyotendewa, wakaweka panga na visu chini ya msalaba. Hakuwaambia wafikirie mambo mazuri. Aliwasikiliza kwanza.

Nimemkumbuka pia Askofu Mkuu Munzihirwa wa Bukavu. Nilikuwa mtoto alipouawa Nyawera, tarehe 29 Oktoba 1996. Wakubwa wengi walikuwa wameondoka mjini, yeye akabaki na watu wake. Baba alikuwa akisema alibaki kwa sababu hakuwa na woga. Siamini tena hivyo. Nadhani aliujua woga kama sisi, akaunyima ruhusa ya kumpangia siku yake.

Alhamisi, 27 Machi

Benki za Bukavu bado zimefungwa, mshahara wetu sisi walimu haujulikani utapita njia gani. Usiku, saa nane, hesabu zinaanza: chumvi, sabuni, dawa ya mtoto. Nimejizoeza kuziandika nyuma ya daftari hili, jina kwa jina, kisha nasoma Wafilipi sura ya 4 polepole. Paulo aliiandika akiwa amefungwa, ndiyo maana ninamwamini. Kuna usiku amani inakuja. Usiku mwingine haiji, ninasubiri kupambazuke nikiwa macho, na asubuhi namwambia Mungu kwamba haikuja.

Jumatatu, 21 Aprili

Jana Pasaka, leo redio imetangaza Papa Fransisko amefariki. Padri amepiga kengele, tumekusanyika bila kuitwa, tumesali rozari.

Maharagwe yametoa maua. Nani atayala, sijui.

Mzazi mmoja amenifuata nje ya kanisa: "Mwalimu, huo mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ENAFEP, utafanyika kweli? Nimtoe mtoto aende kuchimba na wenzake?" Sikuwa na ahadi ya kumpa. Nikamwambia, "Baba, jina lake nimeshaliandika kwenye orodha. Mlete kesho asubuhi, bado ananidai hesabu za sehemu." Akasimama kidogo, akauliza kama aje na daftari jipya au lile la zamani bado lina kurasa.

Lina kurasa, nikamjibu.