Sifuri

Ripoti ya maabara ilitoka wiki ya tatu baada ya upasuaji. Baba akanipa niisome, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa takwimu nyumbani. Niliruka maelezo yote hadi mstari wa mwisho: pT0. Ndani ya kibofu walichokitoa hapakuonekana saratani hata chembe.

Nililia kwa furaha. Baba hakulia. Aliutazama mfuko wa mkojo uliobandikwa tumboni mwake, akauliza, "Sasa kama hamna kitu, kibofu changu wamekitolea nini?"

Shahada ya uzamili haijanifundisha kujibu swali hilo chai ikiwa mezani. Nikaanza na ninachokijua. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani, wagonjwa 317, saratani yao ikiwa imeshaingia kwenye msuli wa kibofu. Kura iliamua nani apasuliwe moja kwa moja na nani aanze na mizunguko mitatu ya dawa, sisplatini ikiwemo. Nusu ya walioanza na dawa waliishi zaidi ya miezi 77. Kwa waliopasuliwa tu, nusu yao walivuka miezi 46. Na asilimia 38 ya walioanza na dawa walikutwa kama Baba: sifuri. Wenzao, asilimia 15.

"Hao thelathini na nane," Baba akasema, "walijuaje kabla ya kukatwa?"

Hawakujua. Kamera na picha za CT zinaweza kuonyesha kibofu safi huku mabaki yamejificha ndani ya msuli. Sifuri ya uhakika huonekana kibofu kikiwa tayari kiko maabara. Nilimwambia hivyo, taratibu. Sikumwambia kwamba katika utafiti ule, watu 85 katika kila 100 wenye sifuri walikuwa hai baada ya miaka mitano, maana mimi mwenyewe nilishaanza kuwawaza wale 15.

(Shangazi bado analaumu maji ya ziwa ya utotoni. Kichocho huleta saratani ya kibofu kweli, ila mara nyingi ya aina nyingine, na Baba amevuta sigara miaka thelathini.)

"Haya, mwanangu," akasema, akaenda kuupasha moto ule ule wa chai.

Usiku bado anaamka saa nane kwenda chooni, kama zamani. Nasikia malapa yake yakifika mlangoni, yakasimama, yakarudi.