Nyumba ya Eldoret na Jicho la Msanifu

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Eldoret hukata zaidi ya kilomita 750, na hupanda mpaka takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Huko kanzu peke yake haitoshi. Wenyeji wakongwe bado wauita mji huo Sisibo, kwa kuwa ulianzia katika shamba nambari 64 la walowezi, ambako posta ilifunguliwa mwaka 1910, na nambari hiyo ya Kiingereza ikatamkwa na ndimi za wenyeji kwa namna yao. Reli iliufikia mwaka 1924. Tarehe 15 Agosti 2024 ukapewa hadhi ya jiji, la tano nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, na sidhani kama madalali wa nyumba wamepata usingizi tangu siku hiyo.

Mpwa wangu ni muuguzi huko. Yeye na mkewe walikuwa wameipata nyumba ya zamani upande wa Elgon View, wainunue na kuikarabati. Fedha walizozikusudia ni akiba ya miaka kumi na mmoja, pamoja na dhahabu ya mke. "Mjomba, njoo utusomee dua kabla hatujalipa," aliniambia kwa simu. Nikamjibu kwamba dua nitaisoma, ila kwanza aitwe msanifu majengo. Akasema mwanasheria amekwisha kuipekua hati katika ofisi ya ardhi na haina doa. Nikamwambia: upekuzi wa hati humjulisha mtu mwenye ardhi ni nani, yaliyomo ndani ya ukuta hauyajui.

Nyumba yenyewe ilipendeza, nakiri. Bustani pana, miti mikubwa, vyumba vitatu na kimoja cha nyongeza nyuma, na paa la vigae vipana vya kijivu vyenye mawimbi. Mke wa mpwa wangu alikuwa ameshaipanga moyoni: ukuta wa kati ubomolewe sebule iwe kubwa, na upande wa mbele yatobolewe madirisha mapana, upepo upite kama kwao Kibokoni.

Msanifu alikuja asubuhi, binti wa makamo ya thelathini hivi, amevaa viatu vya mpira na kubeba ngazi. Akaniamkia, "Shikamoo, Mzee," kisha hakusema neno kwa karibu saa mbili. Rangi hakuitazama. Alipanda darini akamulika kenchi kwa tochi, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole, akafunua kifuniko cha maji taka, kisha akasimama nje kitambo kirefu akiangalia maji ya mvua ya usiku yalikopita.

Aliposhuka akaanza na upepo. Sisi watu wa pwani hujenga kwa kuzikaribisha Kaskazi na Kusi, akasema, lakini hapa usiku ni wa baridi kali na mvua ya mawe si jambo geni. Kinachotafutwa ni jua la asubuhi, na madirisha mapana upande ule yangewatesa watoto. Ule ukuta wa kati ndio uliobeba kenchi. Kuuondoa kwahitaji boriti ya zege na hesabu ya mhandisi. Kwenye pembe ya dirisha la chumba cha pili palikuwa na ufa wa mshazari uliopigwa plasta mara mbili, na rangi ilikuwa mpya hapo tu. Chumba cha nyongeza kilijengwa juu ya bomba la maji taka, na muuzaji hakuwa na ramani yake iliyoidhinishwa na kaunti.

Mwisho akalinyoshea kidole paa. Vigae vile ni asbesto, ambayo vumbi lake likivutwa kwa pumzi huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Kanuni za taka za Kenya za mwaka 2006 zaihesabu miongoni mwa taka za hatari. Haivunjwi kwa nyundo na vibarua na kutupwa jalalani. Mpwa wangu alikuwa amepanga kuwaita vijana wawili waiteremshe siku ya Jumapili.

Hapa niliikumbuka milango ya fiqhi tuliyosoma madrasani. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, mnunuzi akigundua aibu iliyofichika, iliyokuwapo kabla hajakabidhiwa, ana hiari ya kuirudisha bidhaa. Lakini bidhaa ikipatwa na aibu nyingine mikononi mwake, haki ya kumlazimisha muuzaji aipokee huondoka. Basi mtazame anunuaye nyumba ili aikarabati: siku ya kwanza tu huanza kubomoa, na kwa nyundo yake mwenyewe huidhoofisha hoja yake. Huyu yampasa kuzijua aibu mapema kuliko mnunuzi mwingine yeyote.

Wala majengo makuu hayakusalimika. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 zama za Sultani Barghash, iliporomoka sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafa. Jengo kongwe linapoguswa ndipo hatari yake huwa kubwa.

Atakaye mshauri wa namna hii amwulize nambari yake ya usajili. Sheria ya Kenya, Sura ya 525, haimruhusu mtu kujiita msanifu majengo ila awe amesajiliwa na bodi yao. Na aitwe kabla ya kutoa malipo ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei. Ujira wa binti yule ulikuwa mdogo kuliko gharama ya kuezeka chumba kimoja.

Muuzaji alionyeshwa orodha ya aibu, akakataa kupunguza hata shilingi. Mpwa wangu akajitoa. Mkewe alinuna siku mbili, na kwa bustani ile simlaumu. Sasa wameiona nyumba nyingine Kapsoya, na msanifu ameomba wangoje mvua kubwa inyeshe kwanza, apande darini ingali mbichi.